Kamba ya Foili: Kuufunga Mlingoti Kwenye Ubao Usije Ukauacha Chini ya Maji ya Shela

Mlio wenyewe si mkubwa. Ni kok moja tu, kama kifuu kilichogongwa kwa mpini wa kisu. Papo hapo ubao wa foili, ule wenye mlingoti na mabawa chini yake, unakosa miguu: ulikuwa unapaa nusu mita juu ya maji, kimya, sasa umetua kwa tumbo na wewe umeshautangulia, kichwa chini. Ukiibuka unauona unaelea pale, mwepesi kupita kiasi, na moyo unakwambia kabla hujaugeuza.

Foili yangu ilikwenda hivyo mwezi wa Julai, kusi imekolea, kati ya Shela, kisiwani Lamu, na Ras Kitau, maji ya bamvua yakitoka. Nilipoupindua ubao nikakuta shimo refu lenye povu gumu jeupe mahali palipokuwa na reli, ule mfereji unaoshika bolti za foili. Na kamba ya usalama nilikuwa nayo! Kamba nzuri, fundo zuri. Ila niliifunga kwenye nati yenye pete, na nati yenyewe nilikuwa nimeichomeka kwenye reli ileile iliyoshika foili. Reli iling'oka kama gego na mizizi yake, ikachukua nati, kamba na foili, vyote vikashuka pamoja. Kesho yake vijana wawili wa kuzamia walitafuta maji yaliposimama, wakarudi mikono mitupu. Mchanga wa mlango ule hautulii. Fundo langu liko salama huko chini, sina shaka nalo.

Ami yangu, mtu aliyezeekea kwenye mashua, alilitazama lile shimo akauliza:

“Mwanangu, ukiutoa usukani wa mashua, unaufunga na nini usikupotee?”

“Na kamba, ami.”

“Na ncha ya pili ya kamba?”

“Kwenye mashua.”

“Basi wewe uliufunga usukani kwenye usukani.”

Kila kilicho hapa chini kinatokana na jibu hilo. Kamba ya foili ina ncha mbili. Ya kwanza ishike kinachoweza kuanguka. Ya pili ishike kitu ambacho hakiwezi kuanguka pamoja nacho. Ukilikosea hilo la pili, aina ya kamba na uzuri wa fundo havikusaidii.

Kwanza jua kinachoachia

Nitasema foili kwa kifupi; jina kamili ni haidrofoili. Ninayoizungumzia ni ile ya kupandia kwa tanga la mkononi, inayoonekana sana sasa ufukweni. Ina mlingoti wa sentimita 75 hadi 85 hivi unaoshuka majini. Chini ya mlingoti kuna uti mfupi uliolala, wenye bawa kubwa mbele na bawa dogo nyuma. Juu ya mlingoti kuna bamba, na bamba hilo hushikwa chini ya ubao kwa bolti nne. Bolti zinaingia kwenye nati zinazoteleza ndani ya reli mbili, zilizopishana milimita 90 kati kwa kati.

Wazo la kupaa juu ya maji kwa mabawa si la jana. Mwitaliano Enrico Forlanini alikijaribu chombo cha namna hiyo kwenye Ziwa Maggiore mwaka 1906, na mashua HD-4 ya Alexander Graham Bell ilipita kilomita 110 kwa saa mwaka 1919. Kilicho kipya ni kumsimamisha mtu juu ya kitu chepesi kiasi hiki na kutegemea bolti nne.

Hebu pima nguvu yenyewe. Chukulia bawa limesukumwa kando kwa kilo 30, jambo ambalo kona moja kali inaweza kulifanya. Mlingoti wa sentimita 80 ni kama mtaimbo. Kilo 30 mara 80, ukagawanya kwa sentimita 9 zilizopo kati ya reli na reli, unapata karibu kilo 270 zinazovuta bolti za upande mmoja. Hapo hujapiga mchanga, hujagonga kasa, hujaruka wimbi.

Kwa hiyo kitu kinaweza kuachia, na kinaachia kwa namna tofauti. Bolti hulegea kidogo kidogo na nati ikachomoka. Bolti iliyoliwa na kutu hukatika shingo. Reli hung'oka na gundi yake, kama yangu. Katika yote matatu, bamba hubaki juu ya mlingoti. Shika hilo, kwa sababu kamba tunayoifunga inategemea bamba: foili ikianguka, kamba huteleza juu ya mlingoti mpaka ikagota chini ya bamba, na bamba ni pana kuliko kitanzi, halipiti.

Namna ya nne ni mlingoti kukatika chini kidogo ya bamba, au skrubu zinazoshika bamba na mlingoti kuachia. Hapo kitanzi kinaweza kuchomoka juu kama pete kwenye kidole chenye sabuni. Na ya tano ni uti kuachana na mlingoti kule chini. Kamba hii haitaokoa hayo mawili ya mwisho, na anayekuambia inaokoa kila kitu anakudanganya. Dawa yake ni kuzikagua skrubu hizo na kuutazama mlingoti wa alumini kwenye shingo yake, chini ya bamba, kama una ufa mwembamba kama unywele.

Wenye ubao ambao mlingoti wake unaingia ndani ya tundu refu na kukazwa kwa bolti mbili kutoka juu: kamba ni hiyo hiyo, lakini kwa kuwa huenda hakuna bamba la kuzuia kitanzi, mambo ya kukaza kitanzi nitakayoyasema chini yawahusu mara mbili.

Vitu vya kutafuta

Kamba kwanza, maana hapa ndipo watu hukimbilia chochote kilicho karibu. Ile kamba ya plastiki ya buluu au kijani iliyojaa kwenye maduka ya wavuvi ni nzuri kwa kuvutia mtego. Jua letu linaikausha na kuifanya unga. Nailoni ni imara lakini inanyumbuka, na ikilowa hupungua nguvu kidogo. Dyneema ndiyo yenye sifa: ya milimita 3 tu inabeba zaidi ya kilo 500. Tatizo lake ni utelezi. Fundo la kawaida kwenye Dyneema linajifungua lenyewe usipolitazama. Kamba hiyo inataka kufumwa, yaani ncha iingizwe ndani ya kamba yenyewe kwa sindano. Kama unajua kufuma, itumie. Kama hujui, usijifunzie kwenye foili.

Chaguo langu kwa mtu wa kawaida ni poliesta iliyosukwa, milimita 4 au 5, mita 1 na nusu. Hainyumbuki sana, jua linaivumilia, na inashika fundo. Ya milimita 4 iliyo nzima hubeba zaidi ya kilo 200. Fundo hupunguza nguvu ya kamba, pengine hadi nusu, na bado zinabaki za kutosha kwa foili yenye kilo 3 hadi 5, hata ikianguka kwa kishindo.

Pili, mpira mwembamba wa kuvalisha kamba. Mafundi waashi wana ule mpira wa uwazi wanaojaza maji kupimia usawa wa ukuta. Huo huo, wa tundu dogo, kiasi cha nusu mita. Omba kipande, hakuna fundi atakayekuuzia kipande kifupi hivyo.

Tatu, grisi isiyooshwa na maji ya chumvi, ufunguo wa pembe sita ule mafundi wanaouita aleni, mswaki wa zamani na kiberiti. Bolti za bamba kwa kawaida ni za milimita 8, na za kichwa bapa hufunguliwa na aleni namba 5. Foili nyingine hutumia ufunguo wa nyota. Tazama kichwa cha bolti kabla hujashuka ufukweni, maana ufunguo usio wake unakila kichwa na hutaifungua tena bolti hiyo. Ukinunua bolti za akiba, ulizia chuma cha pua cha A4, si A2. Zote hung'ara dukani. Baharini A2 huanza kupiga madoa mapema.

Bolti kabla ya kamba

Kamba ni akiba. Kazi ni ya bolti. Nimeona mtu amefunga kamba vizuri mno juu ya bolti mbili zilizolegea.

Laza ubao kifudifudi juu ya mkeka au godoro. Sugua reli kwa mswaki mpaka mchanga wote utoke. Mchanga wa Shela ni laini kama unga na unakaa chini ya midomo ya reli, kisha nati inaonekana imekaa sawa kumbe imeegemea punje tano. Ingiza nati, zisukume huku na huku. Zikikwaruza, rudia mswaki.

Paka grisi kwenye nyuzi za bolti. Hili si urembo. Chuma cha pua, alumini na maji ya chumvi vikikaa pamoja vinakuwa kama betri, na anayeliwa ni alumini. Baada ya miezi michache bolti inashikana na nati kama iliyochomelewa, ukiilazimisha inakatika.

Weka bamba, ingiza bolti zote nne kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Hapa hesabu mizunguko. Uzi wa bolti ya milimita 8 husonga milimita 1 na robo kila mzunguko. Nati ikiwa na unene wa milimita 8, unahitaji mizunguko 6 na zaidi ndipo uzi wote uwe umeshika. Ikishika mizunguko 3 halafu kichwa kikagota kwenye bamba, bolti ni fupi. Ikigoma kabla kichwa hakijagusa bamba, bolti ni ndefu, inasukuma sakafu ya reli. Usikaze zaidi! Ndivyo reli zinavyotoboka, maji yakaingia ndani ya ubao bila wewe kujua. Bado najiuliza kama yangu haikuanzia hapo.

Kaza kwa msalaba: ya mbele kushoto, ya nyuma kulia, kisha zilizobaki. Nguvu ya mkono kwa aleni fupi inatosha. Usichomeke bomba kurefusha mpini. Halafu, na hili watu hawalifanyi, panda dakika 10, rudi ufukweni, kaza tena. Mara ya kwanza kila kitu hujikalia, na utashangaa robo mzunguko inayopatikana.

Kufunga kamba yenyewe

Chagua mahali pa ncha ya pili kwanza, kabla ya kukata chochote. Juu ya ubao, karibu na mkia, mbao nyingi zina kikombe kidogo chenye pini katikati, pale pa kufungia kamba ya mguu. Hapo ndipo. Kikombe hicho kimegundishwa peke yake, mbali na reli; reli zikitoka zote mbili, chenyewe kinabaki. Kama hakipo, tumia tundu la skrubu la mkanda wa mguu, kwa skrubu yake yenyewe na washa pana (ile pete bapa ya chuma) juu ya kitanzi. Usitumie ile skrubu ndogo ya kupumulia ubao. Iko pale ili hewa itoke jua likiwaka, na ukiing'oa umeyakaribisha maji ndani.

Sasa kamba. Unguza ncha zote mbili kwa kiberiti zisifumuke. Ncha moja ikunje, piga fundo la nane (lile lenye umbo la tarakimu 8) kwa kamba iliyokunjwa, upate jicho dogo ambalo kamba yenyewe inapita kwa kujibana kidogo. Baada ya fundo acha mkia wenye urefu wa kidole. Livute fundo kwa meno ya koleo, au kanyaga kamba na uvute kwa mikono miwili mpaka likakamae.

Kata mpira wa sentimita 22. Uvalishe kwenye kamba kutokea ncha ya pili, uusogeze mpaka ugote kwenye fundo. Mpira huu ni kwa ajili ya ukingo wa nyuma wa mlingoti. Upapase kwa kidole: ni mwembamba kama kisu cha kupakia siagi, na kwenye milingoti ya kaboni ni mkali kuliko hapo. Kamba hukatika pabovu, na pabovu pa kamba hii pangekuwa hapo.

Zungusha mlingoti chini kabisa ya bamba. Pitisha ncha ndefu ndani ya jicho, vuta. Kitanzi kinajikaba chenyewe. Mzunguko wa mlingoti ni sentimita 26 hivi, kwa hiyo mpira utafunika karibu pande zote na jicho litakutana na kamba pale ulipoachia. Geuza kitanzi mpaka jicho likae upande wa nyuma, likitazama mkia. Likikaa mbele, kamba italazimika kuuzunguka mlingoti tena na itakuwa inasagika.

Kabla ya kuendelea, vuta kitanzi kuelekea kwenye bamba. Je, kinagota? Je, ukingo wa bamba unaweza kupenya ndani ya kitanzi? Kikiweza kuzunguka na kupita juu ya bamba, ni kikubwa mno, fungua uanze upya. Kila sekunde unayotumia hapa ni rahisi kuliko kuwalipa wazamiaji.

Kisha lete kamba kwa nyuma, ikifuata tumbo la ubao katikati, mpaka mkiani. Valisha kipande cha pili cha mpira, sentimita 15 au zaidi, pale inapokunja ukingo wa mkia kupanda juu. Ukingo huo si mkali, lakini ubao unavutwa juu ya mchanga kila siku, na kamba iko katikati.

Juu ya ubao, zungusha pini mara mbili kamili. Mizunguko hiyo miwili ndiyo inayobeba mzigo. Mafundo yanayofuata kazi yake ni kuizuia isilegee. Mtu yeyote aliyewahi kufunga mashua kwenye nguzo ya gati anafanya hivi bila kuwaza. Sasa pima ulegevu: ingiza vidole viwili kati ya kamba na tumbo la ubao, karibu na mlingoti. Vikipita bila kubanwa, pametosha. Kamba ikikazwa kama uzi wa gambusi itasagika kila ubao unapotikisika. Ikilegea mpaka mkono mzima unapita, itadaka mwani, na siku ya siku itadaka kidole chako cha mguu.

Ukiridhika, piga fundo nusu mbili juu ya kamba yenyewe (ncha iizunguke kamba na ipite ndani ya mzunguko wake), zote zikizunguka upande mmoja. Zikizunguka kinyume hazilali pamoja. Mwisho, fundo la nane kwenye ncha, liwe kizuizi, na ukate kinachozidi ukiacha sentimita 5.

Kama kamba ya mguu wako au ya kiuno nayo iko kwenye pini hiyo hiyo, hakikisha zote mbili zinacheza bila kubanana. Ubao wenye vikombe viwili ni bahati: gawa.

Jaribu nchi kavu

Hatua hii watu huikwepa kwa sababu inauma moyo: baada ya kufunga kila kitu, fungua bolti zote nne.

Mwite mwenzako. Tafuteni mchanga laini, au tandikeni godoro. Yeye ashike ubao, wewe ushike mlingoti, chomoa bolti moja moja, kisha mteremshe foili polepole mpaka ininginie kwa kamba peke yake. Itazameni. Kitanzi kimepanda kikagota chini ya bamba? Jicho halijageuka? Pini haipindi? Utikiseni ubao juu chini mara kumi, kwa nguvu ya kweli. Mara yangu ya kwanza kufanya hivi kitanzi kilitereza kikapita kona ya bamba, foili ikalala godoroni kama mgonjwa. Ilinigharimu cheko la mpwa wangu na dakika tano za kukaza upya.

Pimeni pia bawa linashuka umbali gani kutoka kwenye ubao. Kumbuka kipimo hicho. Kila kilicho ndani ya duara hilo ni mahali ambapo mguu wako haupaswi kuwa foili ikiachia.

Rudisha bolti, kaza kwa msalaba.

Ikiachia kweli

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu saa ya kuingia. Wakati wa kusi, upepo unatoka baharini na maji yakitoka yanaupinga; pale mlangoni mwa Shela bahari husimama wima, mawimbi mafupi mafupi. Maji yakijaa, mkondo unakupeleka ndani, upande wa Lamu mjini, ambako hata ukikwama utakutana na boti. Kwa hiyo ubao wenye bolti mpya au kamba mpya ujaribiwe maji yakijaa. Siku za maji mafu ni bora zaidi, mkondo ni mpole. Huko Malindi rafiki zangu wana shida nyingine: Mto Sabaki unapomwaga tope, maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, na kitu kikizama hata kina cha kiuno hukioni.

Ukisikia ile kok, jitupe mbali na ubao, usiukumbatie. Foili inaning'inia chini yake na mabawa hayajui tena upande wa kwenda. Subiri kila kitu kitulie. Hesabu pumzi tatu. Kisha usogelee ubao kwa mbele, kutoka puani, kamwe si kwa nyuma, na miguu uinyooshe juu ya maji, usiiache ikining'inia. Panda kwa kifua, lala.

Usijaribu kuivuta foili juu ya ubao. Ni nzito, ina makali, na mawimbi yatakugongesha nayo. Iache. Itakukokota kama nanga ndogo, utapiga makasia kwa mikono polepole kuliko ulivyozoea. Ikiwa tanga lako la mkononi bado lina hewa, lilaze juu ya mapaja au lishike upande mmoja likusukume. Boti za kati ya Shela na mjini hupita mchana wote. Inua tanga wima ulipunge, nahodha ataelewa.

Ukiona unasukumwa kwenye miamba au mawimbi yanayovunjika, kata kamba. Ndiyo, baada ya kazi yote hii. Kisu kidogo cha ndoano kikae kwenye mkanda wa kiuno, upande wa mkono wenye nguvu. Foili ni pesa tu. Kofia ngumu na fulana ya kuelea nimeziona zikiachwa hotelini kwa sababu ya joto. Sina la kuongeza hapo ila kwamba maji ya chumvi kwenye kidonda cha kichwa yanawasha vibaya.

Baada ya kupanda

Suuza kwa maji matamu. Lakini maji ya visima vya Shela, yanayochujwa na yale matuta ya mchanga, ndiyo yanayonywewa na mji wa Lamu pia, kwa hiyo usiache mpira ukimwaga nusu saa. Ndoo moja na sifongo vinatosha: mlingoti, bolti, kitanzi, pini. Kamba iminye ndani ya ndoo mara mbili tatu chumvi itoke katikati. Chumvi ikikauka ndani inakuwa punje zinazokata nyuzi toka ndani.

Bolti zifunguliwe walau mara moja kwa wiki, hata kama huna haja ya kuibomoa foili. Ufungue tu, upake grisi, urudishe. Ubao usiachwe juani na foili yake juu. Hewa ndani hutanuka na reli ndizo zinazoumia.

Kamba ibadilishwe kila msimu, mimi huibadilisha mwezi wa Aprili kusi inapoingia. Tarehe naiandika kwa wino usiofutika ndani ya ule mpira wa uwazi, kwenye karatasi ndogo iliyoviringwa. Ile ya zamani usiifungue mafundo yake: yakate katikati kwa kisu na uyatazame kwa ndani. Utaona ni wapi nyuzi zimeota manyoya. Yangu ya mwaka jana ilikuwa nzima kote isipokuwa sentimita 2 mkiani, pale mpira ulipokuwa mfupi. Mwaka huu nimekata wa sentimita 20.